Sekunde Tisini Mbele ya Bamba

Mwaka 2091, chini ya ardhi ya Bahi, kinu cha miale kilivunja urani mchana kutwa. Protoni ziligonga bamba la urani, viini vikapasuka, na sumaku zikachambua vipande mpaka ikabaki aina moja ya madini ya bati, bati-132, ambayo nusu yake hugeuka kitu kingine kila sekunde arobaini. Wanasayansi waligombania mwale wa bati hiyo. Mafundi waliokilisha kinu hakuna aliyewajulia hali.

Bamba likikwama, roboti ndiyo iliyopaswa kuingia chumbani mwake kulikwamua. Lakini mnururisho, miale ya sumu isiyoonekana, huunguza ubongo wa roboti, na kituo kilikuwa na moja tu, basi mkurugenzi, Daktari Lwitiko, alituma watu. Kila fundi alipewa kadi ya kifuani ya kupima mnururisho. Ikijaa, unaachishwa kazi. Kwa hiyo waliziacha kabatini kabla ya kuingia. Daktari alijua fika, akajifanya haoni.

Fundi Nkwabi aliingia hivyo hivyo, bila kadi, akalikwamua bamba kwa koleo. Mwenzake Kabula alisimama mlangoni akimhesabia sekunde: tisini. Wiki mbili baadaye nywele zilimtoka Nkwabi kwa mafungu na fizi zikavuja damu.

Uboho wa kumpandikiza ulikuwepo hospitali ya kituo. Mgawaji wake alikuwa Tabibu, mashine isiyobembelezeka, iliyompa tu aliyethibitisha kwamba ameunguzwa kazini.

"Kadi yako inasoma sifuri," ilisema. "Una shahidi kwamba uliingia?"

"Ninaye. Dada Kabula."

Kabula aliitwa. Daktari Lwitiko alikuja naye, akasimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Dada, sema ukweli tu," Nkwabi alimsihi. "Ulinihesabia mwenyewe. Nakufa mwenzio."

"Ukisema, kinu kinafungwa," Daktari alimnong'oneza kwa upole. "Mafundi wote mnarudi nyumbani, Kabula. Wewe wa kwanza."

Kabula alitazama sakafu. "Sikumwona akiingia."

"Ombi limekataliwa," ilisema Tabibu. "Anayefuata."

Mkewe, Minza, alimkokota Nkwabi hadi nje, akilia kwa hasira.

"Binadamu gani yule Kabula! Amekuua mchana kweupe, na kesho atakula ashibe!"

"Muache, mama watoto."

"Nimuache kwa lipi?"

Nkwabi alifuta damu mdomoni. Alikuwa amechoka kuificha siri yake.

"Mwaka juzi marehemu kaka yako alipoletwa hapa, anavuja damu hivi hivi, shahidi aliyeitwa nilikuwa mimi. Nilisema vile vile."

Minza, aliyekuwa amemshika asianguke, alimwachia.