Mchezaji Hewa

Likizo ya kiangazi ilipoanza, asubuhi zetu zote zilikuwa za namna moja. Nilikunywa maziwa harakaharaka, nikachukua glavu yangu, nikampitia rafiki yangu Maren Kosko, tukashuka pamoja hadi uwanja wa besiboli ulio nyuma ya kituo cha zimamoto. Kocha Vukovich alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amepiga mistari ya chokaa na kuketi juu ya ndoo ya mipira.

"Leo mmekuja na miguu," alituuliza, "au mmeiacha kitandani?"

Maren alikuwa mdakaji, mimi mrushaji. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kusema kweli nilikuwa mdaku. Jambo la mtu mwingine lilininyima usingizi kama langu.

Katika mji mdogo kama Brennick, kila mtoto anajua kazi ya kila mtu. Baba yangu alitengeneza malori. Mama yake Maren alikuwa muuguzi. Bwana Tillotson, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, aliuza bima. Lakini Kocha Vukovich? Zamani alikuwa mchezaji wa kulipwa katika timu kubwa ya Korongo, hilo tulilijua. Lakini bega lake liliharibika akaacha kucheza kabla sisi hatujazaliwa. Tangu hapo hakuwa na duka, hakuwa na shamba, wala hakwenda kiwandani. Na bado nyumba yake ilipakwa rangi mpya, na kila mwezi wa saba timu yetu ilipata mipira na kofia mpya, analipa yeye. Hela alizitoa wapi?

Mwezi wa sita nilidhani nimepata jibu. Gazeti la Bibi yangu lilikuwa limechapisha orodha ya wachezaji wa Korongo na mishahara yao ya mwaka huo, kama magazeti yetu yanavyofanya kila msimu. Nilishuka na kidole changu jina kwa jina. Karibu na mwisho nikasoma: E. Vukovich, dola laki mbili na nusu.

Nilisoma tena. Emmett Vukovich, mwenye miaka hamsini na tisa, asiyeweza hata kuinua mkono kuchana nywele, alilipwa kama mchezaji!

Hapo nikakumbuka alivyosimulia Baba juu ya idara moja ya barabara iliyomlipa mtu mshahara miaka mitatu naye yuko kaburini. Mfanyakazi hewa, Baba alimwita. Basi kocha wetu ni mchezaji hewa, nilijiambia. Mtu wake yuko ofisini kule, anaingiza jina, halafu wanagawana. Moyo ulinidunda kwa hofu, na kwa furaha kidogo pia, maana nilijiona mpelelezi hodari.

Siku iliyofuata nilimtega.

"Kocha, hivi wewe bado unachezea Korongo?"

Alicheka hadi akakohoa. "Mimi? Nikikimbia mpaka kituo cha kwanza, mtanizika kabla ya cha pili!"

"Kwa hiyo siku hizi hela unapata wapi?"

Kicheko kilikatika. Akanirushia mpira. "Hayo ni ya wakubwa, Corrie. Rusha. Na kiwiko juu."

Mtu mwema angejibu, niliwaza. Mwenye kujificha ana lake jambo.

Tarehe mosi ya mwezi wa saba nilijibanza na Maren nyuma ya gari lililoegeshwa mbele ya benki. Kocha alitokea amevaa tai, yeye ambaye hata kanisani huenda na fulana. Aliingia. Alipotoka alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akakunja karatasi na kuificha ndani ya kofia yake.

"Umeona?" nikanong'ona. "Umeona alivyoangaza macho?"

"Lo! Na mimi nilikuwa namwamini," alisema Maren.

"Usimwambie mtu."

"Nani, mimi? Mdomo wangu kaburi."

Kaburi lenyewe lilifunguka jioni ile ile. Maren alimwambia dada yake, dada akamwambia mchumba wake, na kufikia Jumatano habari ilikuwa imeota miguu na mikono. Sasa Kocha alikuwa ameiba mamilioni, na polisi walikuwa njiani. Uwanjani tulikuwa tisa, tukabaki watano. Mvulana mmoja alipita na baiskeli akipaza sauti, "Kocha hewa! Tukopeshe!" Kocha Vukovich alijifanya hasikii, akaendelea kupanga mipira ambayo ilikuwa imekwisha pangika.

Siku hiyo nilianza kuwa na shaka, lakini niliendelea kurusha mipira kama kawaida.

Bwana Tillotson aliitisha mkutano wa wazazi, Alhamisi, ukumbi wa zimamoto. Habari zilikuwa kwamba Kocha asipojieleza, ataondolewa. Alikuwa ameulizwa, akajibu kwa mkato tu kwamba fedha zake ni halali na shughuli zake ni zake.

Asubuhi ya Alhamisi Bibi aliniita jikoni. Alikuwa anakunja pierogi, kama sambusa za kuchemsha, kwa ajili ya mkutano, maana kwetu hakuna mkutano bila pierogi.

"Corrie, hii habari ya Vukovich imeanzia wapi?"

Nilitazama unga mezani. "Kwenye gazeti, Bibi."

"Gazeti langu? Limesema kwamba ameiba?"

"Limesema analipwa."

"Na kuiba umeongeza wewe." Alipangusa mikono. "Twende."

Alinipeleka maktaba. Mkutubi, mama mpole aitwaye Szabo, alisikiliza shida yetu, kisha akatuletea magazeti ya zamani, ya miaka ishirini iliyopita. Tulifunua kurasa karibu saa nzima. Bibi ndiye aliyeiona. Ilikuwa habari fupi yenye picha ya mwanamume mwenye sharubu nyeusi, na mwenye picha alikuwa kocha wetu. Nilisoma kwa sauti. Klabu ya Korongo na mrushaji Emmett Vukovich wamekubaliana kwamba sehemu kubwa ya mshahara wake wa miaka minne haitalipwa sasa. Atalipwa kidogo kidogo baada ya kustaafu, kila tarehe mosi Julai, kwa miaka ishirini na mitano.

"Kumbe ni mshahara wake mwenyewe," nilisema. "Aliufanyia kazi zamani."

"Mdhaniwa ndiye, kumbe siye," alisema Bibi. "Sasa utafanya nini?"

"Bibi, si uwaambie wewe? Wewe watakusikia."

"Mimi sikusema chochote, mjukuu wangu. Cha kurudisha sina."

Jioni ukumbi ulijaa. Kocha alikaa peke yake kwenye safu ya mbele, kofia magotini. Viti viwili vya kulia na viwili vya kushoto vilikuwa vitupu. Bwana Tillotson alisimama.

"Mimi simchukii mtu," alianza. "Lakini wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tuna watoto hapa. Nauliza kwa mara ya mwisho, Emmett, hizo hela ni za nini?"

Kocha hakuinua macho. "Piga kura yako, Tillotson."

Mikono ilianza kuinuka. Mkono wa mama yake Maren. Mkono wa Baba yangu! Nilijikuta nimesimama.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyeanzisha. Niliona jina lake kwenye orodha, nikadhani ni mchezaji hewa. Sikuuliza mtu. Nimesema uongo bila kujua, na nilipoanza kuwa na shaka nikanyamaza. Samahani, Kocha."

Nikasoma nakala ya gazeti tuliyopewa maktaba. Nilisoma huku nikilia, sina haja ya kuficha. Nilipomaliza, mikono yote ilikuwa imeshuka.

"Sasa Emmett," Bwana Tillotson alisema, uso umemwiva, "kwa nini usiseme tu?"

Kocha alisimama polepole. "Mwaka wa kwanza nilisema. Nikapata binamu thelathini ambao mama yangu hakuwajua." Watu wachache walicheka. "Mwaka tulipokubaliana klabu haikuwa na fedha, ikaniomba nisubiri. Wenzangu waliniita mjinga. Lakini nilikuwa nimemwona mtu aliyewahi kushangiliwa na watu elfu arobaini akiegesha magari ya wageni nje ya uwanja ule ule. Alikula vyote akiwa kijana. Nilijua bega langu linakufa. Tumbo halikuwa na habari hiyo."

Safari hii walicheka wote. Kura haikupigwa. Baba alikwenda kumpa mkono, na wengine wakafuata.

Mimi nilibaki kwenye kiti changu mpaka Kocha alipokuja.

"Umerusha vizuri leo, Corrie. Lakini hujamaliza. Habari ile imeingia nyumba ngapi?"

"Sijui, Kocha."

"Basi zitafute."

Nilizitafuta majuma mawili. Niligonga milango kumi na tisa nikieleza kosa langu, na Maren alinisindikiza kwenye sita. Wengi walinipokea vizuri. Wa mwisho alikuwa bibi kizee wa mtaa wa juu. Alinisikiliza, akanipa biskuti, kisha akasema, "Asante kwa kunijulisha, mwanangu. Ila mimi nilishamwandikia dada yangu aliyekuwa kule Ohio, naye amefariki juzi. Amekufa akiamini kwamba yule bwana ni mwizi."

Nilirudi nyumbani na biskuti mkononi, sijaila. Nilimweleza Bibi, naye akanivuta karibu.

"Kushuku si dhambi, Corrie," alisema. "Ukishuku, uliza, kuuliza si ujinga. Lakini ukilitoa neno kabla hujalijua, hutajua limelala wapi. Milango kumi na tisa umeigonga. Wa ishirini hautafunguka."