Mbwa wa Kizingitini

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Chiriku alipiga magoti chini ya cherehani ya mama yake na kuokota pini kwa kipande cha sumaku. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake: alizungumza na pini, na vitambaa, na hata na sufuria ikichelewa kuchemka. Mama yake, fundi nguo, alishonea sebuleni, mlango ukiwa wazi ili apate mwanga. Chiriku hakuwa na ndugu. Alichotaka ni mbwa.

Baada ya kubembelezwa mpaka akachoka, mama alikubali kwa sharti moja: awe mbwa mzee aliyetulia, maana mtoto wa mbwa angetafuna nguo za wateja. Akileta usumbufu, anarudi alikotoka. Basi Jumamosi wakaenda kwenye kituo cha mbwa waliookotwa.

Kelele za huko zilikuwa za kuziba masikio. Lakini walipofika banda la mwisho zilikatika ghafla, kana kwamba mtu amezifunika kwa blanketi. Ndani alikaa jike mzee, mdomo umejaa mvi. Hakubweka. Hakutikisa mkia. Macho yake yaliwapita, yakatua mahali fulani nyuma ya mabega yao. Chiriku akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Huyo tunamwita Bibi," alisema mtunzaji.

Chiriku alichuchumaa. Bibi akasogea polepole, akaegemeza kichwa kwenye wavu, palepale kilipokuwa kiganja cha mtoto. Hapo mambo yakaisha. Chiriku hakutaka kuona mbwa mwingine.

Mama alipokwenda kumuuliza daktari wa mifugo habari za chanjo, mtunzaji alimwambia Chiriku kwamba Bibi amekwisha kurudishwa mara mbili, na akirudishwa tena hatapewa mtu mwingine. Akaendelea kueleza sababu, na namna ya kuishi naye, akisisitiza kwamba mama aambiwe yote. Lakini masikio ya Chiriku yalikwama kwenye neno "kurudishwa". Mama akilisikia hilo, atakataa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, Chiriku alifunga mdomo.

Nyumbani, Bibi alifika kizingitini akasimama. Wakamwita, wakamtandikia gunia, wakaweka kipande cha nyama katikati ya sebule. Hakuvuka. Alikodolea macho mlango wa chumba cha kulala, macho yakimpita mama kana kwamba ni kioo cha dirisha. Chumbani hamkuwa na mtu.

Kesho yake ikawa vilevile. Mvua ikanyesha, maji yakamchuruzika masikioni, naye hakuingia wala hakuondoka. Kila mama alipoinua uso kutoka kwenye sindano, aliyakuta macho yale. Mara pazia la chumbani likacheza kwa upepo. Bibi akasimamisha masikio, akatoa mlio mwembamba, kama anayemwitikia mtu. Mama akajichoma kidole.

Mteja aliyekuja kuchukua gauni lake alimwona mbwa, akarudi nyuma, akaenda zake. Jirani naye akasema kwa sauti ya chini kwamba mbwa anayeona visivyoonekana si wa kuweka nyumbani.

"Anarudi kituoni," mama alisema. "Siwezi kushona hivi."

Chiriku alimtazama Bibi kule mvuani, akaliwazia lile banda la mwisho.

"Mama, kuna jambo sikukuambia." Akalisema lote: kurudishwa mara mbili, na kwamba sasa hatapewa mtu tena.

Mama aliweka sindano chini. "Siku zote unasema mpaka mate yanakukauka. Siku ya kusema, ndiyo ukanyamaza? Na sababu je?"

"Sikusikiliza."

Mama akampigia simu mtunzaji. Chiriku alisikia upande mmoja tu: "Eeh, haingii... Kumbe?... Kutoka chumbani?" Simu ilipokatika, uso wa mama ulikuwa umelegea. Akaeleza kwamba Bibi aliishi na mzee mmoja mpweke. Kila siku mzee aliingia kwanza na mkongojo wake, akafika chumbani, akakaa kitandani, ndipo akamwita kama mtu anavyomwita mgeni. Bila kukaribishwa hivyo kutoka chumbani, Bibi haingii nyumba ya mtu; ndiyo maana alirudishwa mara mbili.

"Nenda chumbani," mama alisema. "Ukamkaribishe."

Chiriku aliingia, pazia likaanguka nyuma yake. Chumba kilikuwa na giza la mvua. Nywele zilimsisimka: amesimama mahali palepale palipokuwa pakitazamwa siku zote mbili.

"Karibu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Karibu ndani, Bibi."

Kimya. Kisha kucha zikagonga sakafu, taratibu, zikija. Pazia likavimba. Pua ya baridi ikamgusa mkono, na mkia, kwa mara ya kwanza, ukapiga ukuta.

Mama alisimama mlangoni na taulo. "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Uliogopa kwamba ukweli utatunyima mbwa, kumbe dawa ilikuwa humohumo ndani ya ukweli. Ukitumwa neno, lisikilize mpaka mwisho, ulifikishe zima, hata lile usilolipenda. Wewe ulipunguza neno, na mwenzio ndiye aliyelowa."

Chiriku aliinamisha kichwa, akaomba radhi.

"Usiniombe mimi peke yangu," mama alisema, akimpa taulo. "Mkaushe. Mgeni hakaribishwi akaachwa na maji."