Maji ya Zamu Yetu

Kila siku alipotoka shule, Chapuchapu aliokota vipande vya nguo vilivyotapakaa chini ya cherehani ya mama yake, akafagia nyuzi, akaosha vyombo vya asubuhi, kisha akatoweka kwenda kuruka kamba na wenzake. Kazi zote hizo alizimaliza chai ya mama yake ikiwa bado inatoa moshi. Ndiyo maana wakamwita Chapuchapu, na jina lenyewe alilipenda. Ni kweli sufuria zilibaki na masizi, na nyuzi nyingi alizisukumia chini ya kabati. Lakini nani ana muda wa kuchungulia chini ya kabati?

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na pia alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama wa mtaa wao. Kikundi hicho hakikuwa na ofisi wala bendera. Kilikuwa na zamu. Kila mwezi, Jumamosi moja, wanawake wote walikwenda nyumbani kwa mmoja wao wakamfanyia kazi ambayo peke yake ingemshinda. Kidole kimoja hakivunji chawa, walipenda kusema, na mwaka ule walivunja chawa wengi. Walimsakafia chumba mjane wa mwisho wa mtaa. Walimjengea msusi kibanda cha kusukia wateja. Wakachimba mtaro wa maji machafu, na muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, akatumbukia ndani yake mpaka kiunoni, akakataa kutolewa mpaka wamalize kucheka. Mwezi mmoja zamu ilikuwa ya zahanati, maana karibu kila mmoja wao alizalia pale, wakapaka chokaa chumba cha wazazi kikang'aa.

Siku ya zamu ilikuwa na desturi zake. Chakula kilipikwa na Bi Mwiko, mwenye mgahawa mdogo pale kwenye kona. Alipewa jina hilo kwa sababu hata akikusalimia njiani, mkononi ana mwiko. Maji ya kunywa yalikuwa kazi ya nyumba yenye zamu. Siku moja kabla, nyumba hiyo ilichemsha maji ya kujaza pipa zima, maana kisima cha mtaa hakikuwa cha kuaminika, hasa baada ya mvua. Akina mama walifika wakijua kwamba maji yaliyo ndani ya pipa ni salama, wakachota na kunywa bila kuuliza.

Zamu ya fundi cherehani ilikuwa ya mwisho wa mwaka. Paa lao lilikuwa linavuja kama chujio, na mama alikuwa amezoea kuhamisha cherehani kutoka pembe hadi pembe kila mvua iliponyesha. Aliingoja siku hiyo kwa hamu. Ijumaa alikuwa na sare za watu za kumalizia na kuzipeleka kwa wenyewe, kwa hiyo kazi ya maji akamwachia binti yake. Alimweleza taratibu: kila sufuria ichemke hadi itokote, iachwe itokote kidogo, ndipo imiminwe pipani. Kazi ya jioni nzima, alimwambia, lakini wewe ni mkubwa sasa.

Chapuchapu aliwasha moto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukamwingia machoni, sufuria ya kwanza ikachukua muda mrefu mno. Nje wenzake walikuwa wanahesabu miruko, na aliyekuwa anaongoza ni msichana ambaye yeye humshinda kila siku. Akavumilia sufuria ya pili. Ya tatu hakuisubiri. Alichota ndoo za kisima, akazimimina pipani juu ya maji ya moto, ndoo baada ya ndoo, mpaka pipa likajaa. Maji ni maji, alijiambia. Akafunika, akakimbia.

Mama aliporudi alifungua kifuniko, akatumbukiza kidole. Maji yalikuwa vuguvugu. Akafikiri yamechemshwa yanapoa. Akambusu binti yake kwenye paji la uso na kumwambia kuwa amemfanya ajivunie.

Jumamosi ilikuwa ya shangwe. Nusu ya akina mama walikuwa juu ya paa na fundi bati, nusu chini wakikanda udongo wa kuzibia nyufa. Muuza mkaa alikatazwa kabisa kupanda ngazi. Jua lilikuwa kali, na kikombe cha pipani kilipita mkono kwa mkono. Fundi cherehani mwenyewe hakuwahi kuyaonja maji yale. Alishinda akikimbia huku na huko na kikombe chake cha chai. Mchana Bi Mwiko alileta wali na maharagwe, wakala wakashiba. Chapuchapu hakula. Alikuwa barabarani na kamba yake, akaja mbio, akanywa vikombe viwili vya maji ya pipani, akarudi mchezoni. Jioni paa lilikuwa limekamilika. Mama alisimama chini yake akatazama juu, kisha akairudisha cherehani mahali pake.

Kesho yake mtaa ulipigwa na butwaa.

Kwanza habari ilitoka kwa msusi, kwamba anatapika na kuharisha tangu alfajiri. Kabla watu hawajamaliza kumpa pole, mjane naye akaonekana anashikiliwa mabega kupelekwa zahanati. Halafu muuza mkaa, yule mwenye maneno mengi, akapitishwa kwenye mkokoteni wake mwenyewe, kimya, macho yamezama ndani. Chapuchapu alisimama mlangoni akatazama mkokoteni ule mpaka ukapinda kona. Tumbo lake nalo lilikuwa limemkata tangu asubuhi, na mara tatu alikuwa ameponyoka kwenda chooni bila mtu kujua.

Watu hawakukawia kupata wa kumlaumu. Wote waliougua walikula nini? Maharagwe. Nani aliyapika? Basi maneno yakaenda mbio kuliko moto wa makuti. Mmoja alisema maharagwe yalilala. Mwingine akasema jikoni kwa Bi Mwiko kuna panya wa ukubwa wa paka, ingawa hajawahi kuingia huko. Mwingine akauliza kwa nini mpishi mwenyewe hakuugua. Hakuna aliyefikiria maji. Maji si yalichemshwa?

Chapuchapu aliyasikia yote. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye hakuonja hata punje moja ya maharagwe yale, na tumbo lilikuwa linamsokota. Alifungua mdomo mara moja akiwa na mama yake, lakini mama alikuwa anatazama paa jipya kwa huzuni, anasema, "Siku yetu ya furaha imegeuka hivi." Msichana akaufunga mdomo. Akajiambia watapona, na mambo yatasahaulika.

Jumatatu alipopita kwenye kona akitoka shule, alishtuka. Mabenchi ya Bi Mwiko, ambayo saa ile hukosa nafasi, yalikuwa matupu. Sufuria tatu zilikuwa zimefunikwa na hakuna wa kuzifunua. Mlangoni afisa wa afya alikuwa amebandika karatasi inayosema mgahawa umefungwa mpaka uchunguzi ukamilike. Bi Mwiko alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Kwa mara ya kwanza Chapuchapu alimwona bila mwiko. Pale pale mwanamke mmoja alipita na mtoto wake, akamvuta upande wa pili wa barabara kana kwamba mgahawa unauma. Bi Mwiko aliona. Akainamisha kichwa.

Chapuchapu alikimbia nyumbani. Hakumkuta mama. Jirani alimwambia kwamba mama amekwenda kwa Bibi Mkunga, mwenyekiti wa kikundi, mzee aliyezalisha nusu ya mtaa, Chapuchapu akiwemo. Bibi naye alikuwa ameugua, na hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya wengine. Zahanati ilikuwa imejaa, kwa hiyo muuguzi alimpa pakiti za dawa ya chumvi na sukari azinywe nyumbani, zikorogwe kwenye maji yaliyochemshwa.

"Mama yako ana roho nzuri," jirani alisema. "Amebeba ndoo nzima kutoka kwenye lile pipa lenu. Amesema kwa nini tuhangaike na kuni na maji yaliyochemshwa yapo."

Loo! Miguu ya Chapuchapu iliondoka kabla ya akili yake. Alikimbia bila viatu, akaruka mtaro, akagonga mtu akamsikia anafoka nyuma yake. Aliingia kwa Bibi Mkunga bila kubisha hodi.

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Bibi Mkunga alikuwa ameegemezwa kwenye mito, midomo imekauka, ngozi ya mikono imenywea. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Ndoo ilikuwa miguuni pake, na kikombe kilikuwa kimefika mdomoni kwa mgonjwa.

"Mama, usimpe!"

Wote waligeuka. Mama akakishusha kikombe.

"Hayakuchemka," msichana alisema. "Nilichemsha sufuria mbili tu. Mengine ni ya kisima. Nilitaka kwenda kucheza. Si maharagwe, Mama. Mimi sikula maharagwe, na mimi naumwa pia."

Mama aliutazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umeshika kikombe, kama wa mtu asiyemfahamu. Kisha akakiweka chini pole pole. Hakumpiga binti yake wala hakumgombeza, na hilo lilimuumiza Chapuchapu kuliko kiboko. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Nilitia kidole, nikaridhika. Kumbe nilikuwa nambebea sumu huyu aliyenishika mkono nikikuzaa."

Aliyezindua watu alikuwa mgonjwa mwenyewe. Alinong'ona kwamba kulia kutangoja, moto uwashwe. Basi wakawasha. Maji yalichemka mpaka yakatokota, yakapozwa, dawa ikakorogwa upya, na Bibi Mkunga akanyweshwa kijiko kwa kijiko. Chapuchapu naye alipewa kikombe chake. Kufikia asubuhi mzee aliweza kuketi na kuulizia uji. Afisa wa afya aliambiwa, akapima maji ya kisima, akakuta yameingiliwa na uchafu tangu mvua za mwisho, akaagiza kisafishwe na kutiwa dawa. Karatasi ya mgahawa ikabanduliwa.

Lakini karatasi hubanduliwa kwa mkono, na jina baya halibanduki hivyo. Mabenchi yaliendelea kuwa matupu. Fundi cherehani alimwambia binti yake kwamba yeye hawezi kumsemea. Basi Jumamosi, katika mkutano wa kufunga mwaka wa kikundi, Chapuchapu alisimama mbele ya akina mama wote na majirani waliokuja kusikiliza. Wale waliougua walikuwa wameketi safu ya mbele, wamekonda. Alieleza yote, tangu kuni mbichi mpaka ndoo ya kwa Bibi Mkunga. Kisha akamgeukia Bi Mwiko.

"Nilikuona umeketi peke yako," alisema. "Nilijua si wewe, nikapita. Nisamehe, Bi Mwiko."

Bi Mwiko alimtazama sana.

"Maji yako yaliwalaza wenzangu siku mbili tatu, wakaamka," alisema mwishowe. "Kimya chako kilikuwa kinanizika nikiwa hai. Uvivu ni kosa, mwanangu, na kila mmoja wetu humu amewahi kuwa mvivu. Ila ukishakosa, ukaona mwingine anabeba mzigo wako nawe umenyamaza, hapo umekosa mara ya pili, na hiyo ya pili umeichagua."

Chapuchapu alilia, na hakujificha.

Bibi Mkunga, akiwa bado mdhaifu na fimbo yake kando, aliuliza zamu ya kwanza ya mwaka mpya ni ya nani. Ilikuwa ya Bi Mwiko mwenyewe, aliyetaka jiko la mgahawa lijengewe dohani ya kutolea moshi. Msusi akapendekeza kwamba kuanzia sasa maji yachemshwe na mtu mzima, asiyekuwa na mchezo. Wengi wakaitikia.

"Yangu atachemsha huyu," Bi Mwiko alisema, akimwonyesha Chapuchapu.

Mkutano mzima ulishikwa na bumbuwazi. Muuza mkaa aliuliza kama mwenzao ana homa. Mama wa Chapuchapu alijishika kifua. Msichana mwenyewe alidhani amesikia vibaya.

"Sina homa," Bi Mwiko alisema. "Katika mtaa huu hakuna anayejua ubaya wa maji mabichi kumshinda mtoto huyu. Na nyinyi watu wazima mliosema kuna panya jikoni kwangu, sijamwona hata mmoja aliyesimama hapa kuomba radhi. Amesimama yeye. Mtu akikosa, akasema mwenyewe mbele za watu, mimi maji yake nitakunywa."

Wanawake waliinamisha macho, mmoja baada ya mwingine. Kisha mjane akasimama, akavuka chumba, akaenda kumshika Bi Mwiko mkono.