Zamu Isiyopokelewa

Jioni ile alikuwa na shughuli moja tu kabla ya kwenda kazini: kununua betri za tochi. Betri alizipata. Aliporudi nyumbani kuchukua mkoba, jua lilikuwa limebaki kipande juu ya mapaa, na saa ilionyesha kumi na moja na dakika arobaini. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili kamili.

Kazini walimwita Popo, kwa kuwa kwa miaka tisa alifanya kazi usiku tu kwenye mtambo wa kusukuma maji. Nyumbani alikuwa Baba Kidoti. Kidoti mwenyewe, msichana wa miaka saba, alikuwa amelala chumbani tangu alasiri. Homa ndogo ilimshika mchana, ikashuka. Tangu mama yake afariki, miezi mitano sasa, mama yake mdogo ndiye aliyekuja kulala naye kila usiku. Alikuwa na ufunguo wake wa mlango wa uani, na kwa kawaida aliingia mapema.

Baba Kidoti alisimama mlangoni, mkoba begani. Ndani kulishaanza kuwa giza. Kutoka chumbani akasikia shuka likikung'utwa, mara moja, mara mbili.

"Shemeji, umefika?"

Shuka likakung'utwa tena. Hakuwa na muda wa kuingia.

"Nakukabidhi mtoto," alisema kwa mazoea. "Homa imeshuka. Hajala."

"Nimepokea," sauti ikajibu.

Akafunga mlango, akaondoka kwa hatua ndefu.

Mtamboni, mwenzake wa mchana alikuwa ameshavaa koti. Huyu walimwita Kipara, ingawa nywele alikuwa nazo. Jina alilirithi kwa baba yake.

"Popo, leo umetoka kabla ya giza. Jua halijakuunguza?"

"Kabidhi, ndugu yangu. Miguu yako iko getini tayari."

Kipara alicheka, lakini akaja kusimama mbele yake, uso kwa uso, kama walivyofundishwa wote wawili. Zamani, kabla yao, pampu iliungua kwa sababu watu wawili walikuwa kila mmoja anadhani mwenzake ndiye yuko zamu. Tangu hapo ikawa sheria: anayetoka anataja kila anachokiacha, anasema nakukabidhi, na haondoki mpaka anayeingia amtazame usoni na kusema nimepokea. Neno hilo likishatamkwa, mzigo umehama. Lisipotamkwa, haujahama, hata kama mtu ameshafika kwake na kulala.

"Pampu mbili zinafanya kazi. Ya tatu imepumzika. Presha nne na nusu. Nakukabidhi."

"Nimepokea."

"Na injinia anataka jibu lako kesho. Unahamia zamu ya mchana au huhami?"

"Nitamjibu."

"Mwezi mzima unamjibu. Huyo shemeji yako anaolewa, anahama. Mtoto atalala na nani? Na pampu?" Kipara alifunga vifungo vya koti. "Hivi huu usiku una nini ambacho mimi sikijui?"

Angeweza kumtajia. Usiku hakuna bosi. Hakuna simu za ofisi. Mtambo unasikika vizuri, beringi ya pampu ikianza kuchoka unaijua kwa sauti kabla kipimo hakijasema. Mchana unabaki na saa za kwenda benki, shuleni, hospitali, wakati wenzako wamefungiwa kazini. Na ubaya wake pia aliujua: usingizi wa vipande vipande chini ya kelele za majirani, chakula kisichojua kama ni cha asubuhi au cha usiku, na ndoa ya mlangoni. Mkewe alifanya kazi mchana kwenye kiwanda cha mikate, akifunga mikate kwenye karatasi. Kila asubuhi walipishana kizingitini. Kwa mzaha walichukua maneno ya mtamboni. "Nakukabidhi mtoto." "Nimepokea." Dakika kumi kwa siku, kwa miaka saba.

Faida moja tu hakuweza kuitamka, hata kwa Kipara. Anayefanya kazi usiku hahitaji kukilalia kitanda chake gizani.

Saa tatu na robo simu ililia.

"Shemeji, samahani. Nilikwama chuoni. Ndiyo kwanza nafika."

Hakuelewa. "Unafika wapi?"

"Hapa nyumbani. Mlango wa uani una komeo kwa ndani. Wa mbele pia. Umebaki ndani?"

"Niko kazini."

Pampu zilinguruma nyuma yake.

"Sasa... nani kafunga?"

"Mwite mtoto," alisema. "Mwite dirishani."

Alimsikia akiita. Alisikia, mbali sana, sauti ndogo ikijibu, na kwa sekunde moja kifua chake kikafunguka. Kisha shemeji akarudi kwenye simu, sauti imeshuka.

"Anasema hawezi kufungua."

"Kwa nini?"

"Anasema ameshapokelewa."

Baba Kidoti alishika ukingo wa meza. Neno hilo hakuwahi kumfundisha shemeji yake. Jioni zote, kwa miezi mitano, alipomwambia nakukabidhi mtoto, yeye alijibu vilevile: haya shemeji, kazi njema.

Leo hakujibiwa kazi njema.

Na hakuangalia uso.

Alimpigia Kipara. Simu imezimwa. Mlinzi wa getini hakujua pampu wala valvu. Kwa miaka tisa hakuwahi kuacha mtambo bila mtu, hata usiku ule alipotapika mpaka asubuhi. Alitazama vipimo, akaweka kalamu juu ya daftari la zamu, akatoka akikimbia.

Shemeji alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, magoti yamekusanywa, simu yake inamulika chini.

"Nimegonga mpaka mikono imekufa ganzi. Niite majirani wavunje?"

"Ngoja kwanza."

"Humo ndani anaongea na mtu, shemeji. Anauliza, halafu ananyamaza kama anajibiwa." Alivuta pumzi. "Na hiyo harufu."

Aliisikia. Hamira. Unga mbichi unaoumuka, wenye joto, kama mtu ameufunika kwa kitambaa nyuma ya mlango.

"Nilidhani jirani anaoka," shemeji alinong'ona.

"Hakuna anayeoka saa nne."

Aliweka sikio kwenye ubao. Ndani kulikuwa na mlio mdogo, wa kurudiarudia. Kra... kra... Karatasi ikikunjwa. Pembe moja, pembe ya pili, inageuzwa, inabanwa. Kra.

Mtoto akacheka kidogo. Kisha akakohoa.

"Mama Kidoti," aliita.

Karatasi ikanyamaza.

"Saa yako haijafika."

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti ya kila siku, ya mwanamke aliyesimama tangu alfajiri.

"Nimekuja kumpokea mtoto."

"Hata asubuhi ile ulikuja," sauti ilisema. "Hukupokea."

Hakuhitaji kuuliza asubuhi ipi. Kipara alikuwa amechelewa kwa saa mbili, naye akafika nyumbani amejaa hasira na usingizi. Mkewe alikuwa mlangoni, mkono kifuani, kanga mabegani. Kifua kilianza kumbana usiku. Majirani walimwambia aende hospitali, akawauliza, mtoto nimkabidhi nani? Basi alisimama akamngoja. Alipomwona alisema, "Nakukabidhi." Na yeye akampita. Alimpita tu, kama mtu anavyopita nguzo, akaenda kujitupa kitandani. Mkewe hakufika hospitali. Alianguka njiani, hatua chache kutoka nyumbani, na waliomwinua walisema alikuwa akigeuka geuka kutazama nyuma.

Hayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nimepokea," alisema sasa, paji la uso likiwa kwenye ubao. "Nimechelewa, mama. Lakini nimepokea."

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika shati.

"Na mimi nikitoka zamu," sauti iliuliza, "niende wapi?"

"Ukapumzike."

"Nimejaribu." Ikatulia. "Huko hakuna cha kushika."

Mtoto alikohoa tena. Kikohozi kikavu, cha chini kuliko cha kwanza.

"Ana baridi, Baba Kidoti. Ninavyomshika ndivyo anavyozidi baridi. Naona. Ila siwezi kuachia hivihivi mikono ikabaki mitupu. Nipe kingine."

Alikuwa mtu aliyesoma. Alijua hesabu za mgandamizo wa maji na aina za vyuma. Alijua pia kwamba dakika zile alikuwa na kitu kimoja tu duniani kilichokuwa chini ya mkono wake, na kilikuwa ng'ambo ya mji, kimeachwa bila mtu.

"Pampu mbili zinafanya kazi," alisema polepole. "Ya tatu imepumzika. Presha nne na nusu. Tangi la juu limejaa robo tatu. Kila saa unaandika vipimo kwenye daftari. Nakukabidhi."

Aliweka kiganja kwenye ubao.

"Nakukabidhi mtambo."

"Uso kwa uso," sauti ilisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Komeo likasogea.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Shemeji alifumba macho, na baadaye akaapa kwamba hakuona chochote, kwamba alisikia tu shemeji yake akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Baba Kidoti alitazama. Alichokiona hajakisema. Alitazama muda wote uliotakiwa, mpaka neno likatamkwa.

"Nimepokea."

Harufu ya hamira ilitoka kwenye upenyo, ikampita usoni, ikashuka ngazi kuelekea barabarani. Mlango ukafunguka wenyewe hadi ukutani. Kidoti alikuwa amesimama kwenye ujia, peku, macho mazito. Alimbeba. Alikuwa wa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji.

"Shemeji," mama mdogo alinong'ona, "ulikuwa unaongea na nani?"

"Lete blanketi."

Walimkumbatia zamu kwa zamu mpaka alfajiri. Kabla ya adhana mwili ulianza kupata joto, akaomba chai, akauliza kwa nini baba hayuko kazini.

Saa kumi na mbili asubuhi Popo alifika mtamboni akitegemea kukuta pampu zimeungua na barua ya kufukuzwa. Alizisikia zikinguruma kutoka barabarani, sawasawa kabisa. Kipara alikuwa ameketi nje ya geti, juu ya jiwe, koti bado mwilini.

"Hujaingia?"

"Niliingia." Kipara hakutania. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Hukuwemo. Daftari limejazwa saa zote, na mwandiko si wako. Halafu mtu akanitajia vipimo, nyuma ya pampu ya tatu. Mwanamke. Akasema nakukabidhi."

"Ukajibu nini?"

"Sikujibu, Popo. Nimpokee mtu nisiyemwona uso?" Akainua macho. "Nani yule?"

"Nipe daftari nisaini," Popo alisema. "Na mwambie injinia nimekubali mchana."

Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Shemeji ameolewa, amehama. Kidoti halali peke yake. Baba yake yuko chumbani usiku kucha, kwenye kitanda kile, mkono mmoja umening'inia ili mtoto aufikie. Kipara aliomba kituo kingine. Kwa zamu ya usiku ofisi ilileta mtu aliyekaa siku tatu, kisha mwingine aliyekaa siku moja. Wa sasa anakaa getini na mlinzi, wanacheza karata mpaka kunapambazuka. Anasema hajawahi kupata kazi nyepesi kama hii. Vipimo huandikwa. Pampu hazijazimika hata mara moja.

Kila asubuhi Popo anaingia peke yake. Anasimama mbele ya pampu ya tatu. Sauti inamtajia kila kitu, bila kosa, na mwisho inasema nakukabidhi.

Neno la kujibu analo mdomoni. Akilitamka, zamu itakuwa imekwisha, na anayetoka zamu hurudi nyumbani. Nyumbani kuna kitu kimoja tu cha kushika.

Kwa hiyo anafungua daftari, anatia sahihi, hasemi kitu.

Mwanzoni sauti ilikuwa ikirudia mara mbili, tatu, kisha inanyamaza hadi kesho yake. Wiki hii haikurudia. Jana alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale inapotokea, akipangusa kipimo kwa kitambaa, alipoisikia ikiuliza taratibu, kama mtu anayechungulia barabara kwa dirisha:

"Mwenzangu wa mchana... bado hajafika?"

Aliendelea kupangusa kipimo.