Mlango Uliohamishwa Kimyakimya

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani, lakini Fundi na mdogo wake Chiriku walikwenda chumba cha kompyuta kama kawaida yao. Fundi alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuna redio iliyopona mikononi mwake. Chiriku, aliyemfuata kwa mwaka mmoja, aliitwa hivyo kwa ajili ya mdomo wake. Hata usingizini aliongea.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewapa kazi ya kutengeneza tovuti ya maktaba ya shule. Fundi aliandika programu ya kutafuta na kuazima vitabu, nayo ilikaa kwenye seva ya programu, yaani mtambo unaojibu maombi, nyuma, pasipoonekana. Chiriku aliandaa seva ya wavuti, ile ya mbele inayompokea kila mgeni. Mgeni akitaka picha na rangi za ukurasa, seva ya mbele humpa yenyewe. Akitaka kitabu, humpeleka nyuma kwa programu ya Fundi, kupitia mlango ambao namba yake Chiriku ameiandika kwenye mipangilio. Walikubaliana mlango huo uwe namba 8000.

Kazi ilikwenda vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila aliyechungulia chumbani alisema, "Loo, ukurasa wa Chiriku unapendeza!" Mkutubi naye, "Chiriku, mwanangu, umeniokoa." Fundi, aliyevunja kichwa wiki nzima ili kitabu kimoja kisiazimwe na watu wawili, alisimama pembeni kama kabati. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Kilichomkata maini hasa ni maneno ya mama. Mama yao, aliyefanya kazi mapokezi kwenye zahanati, alikuwa akizungumza na jirani kibarazani. "Huyu wangu mdogo ndiye ametengeneza tovuti ya shule," alisema huku akicheka kwa furaha. Fundi alikuwa dirishani, akasikia kila neno. Roho ilimuuma mpaka chakula kikamshinda. Alimtazama Chiriku akila na kupiga soga, akamchukia kweli kweli, kisha akajichukia kwa kumchukia.

Mwalimu mkuu alikuwa ametoa neno lake mapema. Siku ya wazazi tovuti ingejaribiwa mbele ya watu. Ikifanya kazi, klabu ya kompyuta ingeendelea. Ikishindwa, maktaba ingerudi kwenye kadi zake, na chumba cha kompyuta kingegeuzwa stoo ya madawati.

Siku hiyo Fundi alitangulia shuleni. Akaingia kwenye kompyuta, akahamisha programu yake kutoka mlango namba 8000 hadi 9000, akaondoka amejikausha kama hakuna kitu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: seva ya Chiriku itabisha hodi mahali pasipo na mtu, Chiriku ataaibika, halafu yeye Fundi atajitokeza na anwani ya kwenda moja kwa moja kwenye programu yake. Leo nao watajua nani ni nani!

Chumba kilijaa wazazi. Mama alikaa mstari wa mbele na sare yake ya kazini. Chiriku alifungua tovuti, picha zikatokea, watu wakapiga makofi. Kisha mkutubi akaandika jina la kitabu na kubonyeza. Kioo kikaandika: Huduma haipatikani.

"Jaribu tena," alisema mwalimu wa kompyuta.

Jibu likawa lile lile. Chiriku akafungua mipangilio, akaisoma mstari kwa mstari, jasho jembamba likimtoka. Mwalimu mkuu akakohoa na kutazama saa.

"Mwalimu, mimi nina njia nyingine," alisema Fundi. Alisogea mbele akiwa amevimba kichwa, akaandika anwani yake mwenyewe.

Ukurasa ukafunguka, lakini uchi kabisa. Hakuna rangi, hakuna picha, na maandishi yalirundikana upande mmoja kama nguo chafu. Rangi na picha zote zilikuwa kwenye seva ya Chiriku, na Fundi hakuwahi kulifikiria hilo hata kidogo. Kicheko kikazuka nyuma. Wazazi walipojaribu nao kwa pamoja kwenye simu zao, programu ikalemewa, ikakwama.

"Basi," mwalimu mkuu alisema akiinuka. "Nadhani tumeona."

Chiriku alikuwa bado anaitazama ile anwani. Macho yake yalitua kwenye 9000. Akamgeukia dada yake, na Fundi akajua kwamba amejua. Alisubiri mdomo ule ufunguke.

"Samahani, Mwalimu," Chiriku alisema polepole. "Kosa ni langu. Nimekosea namba ya mlango. Naomba muda kidogo nirekebishe."

Fundi alihisi kama amepigwa kofi. Angeweza kunyamaza na mambo yakaisha. Lakini machozi yakamtangulia maneno.

"Hajakosea! Ni mimi niliyehamisha mlango asubuhi, sikumwambia mtu. Nilimwonea wivu."

Mama aliinamisha kichwa. Fundi aliiwasha upya programu iliyokwama, Chiriku akabadilisha namba moja, akaiagiza seva isome mipangilio upya, na mkutubi akabonyeza. Kitabu kikatokea, na jina la mkutubi kama mwazimaji wa kwanza.

"Chumba kinabaki," alisema mwalimu mkuu. "Na wewe, Fundi, kesho uje ofisini."

Adhabu aliyopewa kesho yake ilikuwa kutogusa seva muhula wote ila Chiriku akiwa ameketi kando yake.

Lakini siku ile ya wazazi, njiani kurudi nyumbani, Chiriku hakusema neno, jambo lisilowahi kutokea. Mwishowe akalipuka. "Nilikusitiri kwa sababu mama alikuwepo! Usidhani sijakasirika."

"Una haki," alisema Fundi. "Nisamehe, mdogo wangu."

Mama, aliyekuwa akitembea nyuma yao, akawashika mikono wote wawili. "Mwanangu, daktari wetu akihama chumba bila kuniambia, nitawapeleka wagonjwa kwenye mlango uliofungwa. Watanitukana mimi, lakini atakayekosa wagonjwa ni yeye. Wivu umekudanganya kwamba Chiriku amekuzibia njia, kumbe yeye ndiye anayewaleta watu kwako. Nami nilikosea, nilimsifu mmoja nikamsahau mwingine. Ila siku nyingine ukiumia, njoo useme. Usiharibu kazi ya mwenzako, maana utaharibu na yako."

Chiriku alikuwa bado amenuna. Hatua chache mbele akauliza, bila kumtazama dada yake, "Hivi uliwezaje kuzuia watu wawili wasiazime kitabu kimoja?"

Ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza. Fundi akafuta machozi, akaanza kueleza.