Mahindi ya Kupeleka Kitale

Nzzzzz.

Levi aliusikia mlio kabla hajaona kitu. Ulitoka ndani ya Isuzu iliyokwama mbele yake, nje kidogo ya Kimilili, magurudumu yametobolewa na misumari aliyoitega mwenyewe. Injini ilikuwa imezimwa.

Gunia la mahindi haliimbi.

Alibonyeza redio yake ya Motorola.

"Mkuu, Kipanga hapa. Lori limetoka Bungoma na magunia ya mahindi. Linaenda Kitale."

"Kitale?" Phelista, mkuu wake, aliguna. "Novemba hii, watu wa huko wakivuna mahindi yao? Ati atamuuzia nani?"

"Mwenye mzigo si mtu wa huku, huyo."

"Ni Brandt, yule muuza dawa. Mbu wake wamebeba malaria isiyosikia dawa. Inayoiponya anayo yeye peke yake, na bei atapanga yeye. Lisifike."

Levi aliwaza Kibomet, mtaa wa Kitale. Dada yake Rahab alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza iliharibiwa na malaria, hapo hapo Kitale, ambako bibi yao alilala maisha yake yote bila neti. Enzi hizo kulikuwa na baridi, mbu hawakupanda huko.

Alichomoa bastola yake, Glock.

Dereva alimwona. "Niaje, boss? Unanunua?"

"Naonja kwanza."

Dereva akachomoa bastola. Levi alikuwa mwepesi zaidi. Risasi ikamvunja goti, akaanguka akilia kando ya barabara.

Brandt mwenyewe alikuwa tayari juu ya magunia, kisu kimegusa wavu wa kizimba cha mbu kilichofichwa kati yake.

"Piga risasi," alisema, "na mbu wote watatoka."

Levi akatupa bastola.

Akaruka.

Kisu kikazama pajani mwake. Levi alikamata mpini. Alikichomoa, akakirudisha kwa mwenyewe, chini ya mbavu. Brandt alikohoa damu, akatulia.

Levi alimwaga petroli ya dumu lililokuwa nyuma ya lori, akawasha kiberiti, akaruka chini.

Mlio ulipanda, ukakatika. Mahindi yakaanza kulipuka kama bisi.

Alijifunga paja kwa mshipi, akaondoka akichechemea. Hakugeuka. Simu ikalia.

"Levi, mbona unahema hivyo?" Ilikuwa sauti ya Rahab.

"Niko Kimilili, nakuja. Nikuletee mahindi?"

"Mahindi, Kitale? Umerogwa, bana?"

Alicheka hadi paja likamuuma.

"Basi naleta neti. Mbu wengine wanapanda huko wenyewe, bila lori. Nitaitundika kwa mkono wangu, leo, kabla jua halijazama. Huyu utamzaa, dada. Nakuahidi."