Ubeti wa Mwisho Hurudiwa

Haya yalimkuta rafiki yangu Gwenllian, katika bonde letu la wachimba makaa, Wales. Alikwenda kuchukua birika la chai katika kanisa letu, lililouzwa liwe baa.

"Mama, waimbaji mle siku hizi ni panya tu," mnunuzi akamcheka mlangoni.

Ndani umeme ulikuwa umekatwa, giza totoro. Mlango ukajibamiza nyuma yake. Woga ukampanda, kisha hasira.

"Baba yangu alifia mgodini na bado niliimba. Giza ndilo litaninyamazisha?"

Akauimba wimbo wa mazishi ya baba yake hadi mwisho, moyo ukatulia. Akabeba birika aondoke. Sisi waimbaji wa kanisa hilo ubeti wa mwisho huurudia daima, yeye alisahau.

Nyuma yake, kwenye viti vitupu, sauti nzito za besi za wanaume zikauanza tena ubeti huo, mmoja akikohoa vumbi la makaa.